Mwenza Niliyepewa Isimila

Tuliondoka Mbeya Ijumaa alfajiri kwa sababu Gwakisa, mume wangu, alikuwa amechoka kunisubiri nikubali. Mwaka jana tulipata nafasi kwenye makundi mawili ya watalii ya kwenda Uturuki, nami nikayakataa yote. La kwanza lilikuwa la watu arobaini wanaofuata kibendera. La pili hawakuweza kunieleza kwa nini tushinde siku nzima kwenye kiwanda cha mazulia. Likizo ya Gwakisa ikaishia nyumbani, akipaka geti rangi. Safari hii aliniambia kwa upole ulionitia hofu kuliko ugomvi: "Atu, tukikosa na hii, sikuombi tena."

Hii ya sasa ilikuwa ya Mama Farida, mwenye duka la vitambaa mjini Iringa, ambaye kila mwaka huwaongoza mwenyewe watu kumi na wawili hadi Istanbul. Hamwandikishi mtu kwa simu. Anayetaka kwenda lazima kwanza atembee naye siku moja hapa hapa karibu. Niliona ni nafasi nzuri ya kumkagua. Daftarini nilikuwa na maswali thelathini na moja.

Kutoka Chimala, mashamba ya mpunga yalitandaa upande wa kushoto hadi macho yakachoka. Nilibadilisha kiti mara mbili. Makambako baridi ilitupokea mlangoni, nikashuka kutazama reli bila kumwambia mtu, na Gwakisa akalazimika kumsihi kondakta anisubiri. Sikuona ubaya wowote. Basi si lilikuwa bado limesimama?

Saa nane mchana tulikuwa dukani kwa Mama Farida. Nilifungua daftari nikauliza nani hushika pasipoti zetu tukiwa ugenini.

"Shikamoo kwanza, mwanangu," alisema bila kuacha kupima kitambaa.

Nilisalimia, nikauliza tena. Alinijibu yote, hadi mgonjwa hupelekwa wapi na nani hubaki naye. Pale asipojua alisema hajui, na hilo lilinikera, kwa maana nilikuwa nimejiandaa kumnasa kwenye uongo.

Jumamosi saa tatu asubuhi kosta ilitushusha Isimila, kwenye korongo lenye nguzo za mchanga na zana za mawe za watu wa kale. Kabla hatujaanza kutembea, Mama Farida alitoa sharti lake la pekee: kila mtu apewe mwenza asiye mume wala mke wake, wasiachane mpaka jioni. Mke na mume, alisema, wakinuniana hawaulizani walipo. Gwakisa alipewa Mzee Sanga, mkulima wa chai kutoka Igowole. Mimi nikapewa mkewe, Mama Sanga, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyetembea akilipumzisha goti la kulia.

"Kamwene," alinisalimu. Nikaitikia, huku macho yangu yakiwa tayari korongoni.

Mwongozaji alitueleza kwamba zamani ardhi yote ilikuwa sawa na vilele vya nguzo zile, na maji ndiyo yaliyoichimba. Nikataka kuona kama tabaka za nguzo moja zinalingana na za jirani yake. Wengine walipoanza kurudi juu, mimi nilikata kona, nikateremka kwenye mkondo mkavu, nguzo hadi nguzo. Tabaka zililingana. Mwongozaji alikuwa mkweli.

Nilipogeuka nilimwona Mama Sanga katikati ya mteremko, ameketi chini, sketi imejaa vumbi, anashuka kwa makalio, jiwe kwa jiwe.

"Mama, kwa nini hukuniita?"

"Nimeita. Halafu nimeambiwa nisikuache."

Kupanda naye kulichukua karibu saa nzima. Juu, hakuna aliyekuwa ameingia garini. Walikuwa wamesimama juani, na Gwakisa hakunitazama.

Mama Farida hakunigombeza. Alimuuliza tu Mama Sanga kama angependa kuendelea nami.

"Mtoto mwenyewe nampenda," akasema Mama Sanga, akijikung'uta. "Goti langu ndilo halimpendi. Nibadilishie."

Watu wakacheka, mimi pia kidogo. Lakini Mama Farida aliuliza nani atanichukua, na kicheko kikaisha. Asiye na mwenza, akasema, hana kiti cha Istanbul. Nilimgeukia Gwakisa, nikitegemea aseme kama kawaida yake kwamba basi tutabaki wote.

"Mimi mwenza wangu ni Mzee Sanga," alisema. "Nitakwenda."

Nilikuwa na hoja. Ningeweza kuuliza sharti hilo lilitoka wapi. Nikaenda kukaa kwenye jiwe alipokaa Mama Sanga, nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza goti lake linataka mwendo gani.

"Linataka mtu anayegeuka nyuma."

Nikamwomba anijaribu hadi jioni tu. Alinitazama, akanipa mkoba wake niubebe. Tulizunguka jumba la makumbusho la pale pale polepole, akiniuliza kila zana ilikuwa ya kukatia nini, nami mara nyingi sikujua. Tulikuwa wa mwisho kuingia garini. Jioni, dukani, Mama Farida alimtazama Mama Sanga. Mama Sanga akainua mabega, akasema niandikwe, ila yeye asilaumiwe.

Jumapili tulirudi Mbeya. Bado siamini kila ninachoambiwa, na sijaelewa kile kiwanda cha mazulia. Lakini nilikwenda Iringa na maswali thelathini na moja ya kuwapima wengine, na hapakuwa na hata moja la kunipima mimi.

Makambako basi liliposimama, miguu ilianza kuniwasha. Nilimgusa Gwakisa aliyekuwa anasinzia.

"Nashuka kidogo. Nitakuwa pale kwenye mahindi ya kuchoma."

Akafumbua macho, akanitazama kama mtu aliyekaa na mgeni.

"Tangu lini unaaga?"