Mtu Asiyeshika Spana ya Dukani

Mtaani walimwita Mwenyewe, kwa sababu ukimwuliza chombo alichoshika amekitoa wapi, jibu lilikuwa lilelile: nimetengeneza mwenyewe. Na alilitoa haraka, kabla hujamaliza kuuliza, kama mtu aliyezoea kupekuliwa.

Nyumbani kwake hapakuwa na spana ya dukani hata moja. Ya kufungulia plagi ilikuwa kipande cha bomba la maji alichokipasha moto jikoni, akakigongea juu ya kichwa cha boliti mpaka kikapata pembe sita. Bisibisi zake zilikuwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa kwenye sakafu ya uani. Kubana ringi za pistoni alitumia mkebe wa maziwa uliokatwa na kukunjwa. Na kamba ya kuanikia nguo, mkewe alikwishaacha kuitafuta. Alijua imo ndani ya injini, imesokomezwa kupitia tundu la plagi ili pistoni isicheze wakati nati ngumu inafunguliwa. Nguo zilikauka ukutani.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kidude cha zamani chenye sauti ya cherehani. Mtu mwenye akili zake angekiuza kwa kilo. Yeye alikifungua na kukifunga pale ukumbini, mwaka nenda mwaka rudi, na majirani wakasema ni ubahili.

Haukuwa ubahili. Ilikuwa hasira, tena hasira iliyokomaa. Miaka kumi na tisa nyuma alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sabuni, na kila fundi alikuwa na sanduku lake la vyombo. Lake lilikuwa namba kumi na nne. Asubuhi moja halikuonekana stoo. Mtunza stoo akaapa kwamba halikurudishwa, yeye akaapa kwamba alilirudisha, na kati ya viapo viwili wakubwa wakachagua kile cha mwenye funguo. Walimpekua getini mpaka kwenye soksi, wenzake wote wakitazama, kisha wakamfukuza. Habari ilimtangulia kila alikokwenda kuomba kazi. Nani atampa mwizi wa vyombo kazi ya vyombo? Akaishia kubeba magunia sokoni mpaka mgongo ukagoma. Na siku ileile aliyofukuzwa alijiapiza hatashika tena spana ambayo mtu anaweza kutokea na kusema ni yake.

Jioni hiyo mkewe hakumwuliza swali hata moja. Alimpelekea maji ya kuoga, akamtengea chakula, akanyamaza naye. Ndiyo maana Mwenyewe aliweza kuishi. Huko nje waseme watakavyo, ndani ya mlango huu mmoja jina lake lilikuwa safi.

Sasa gurudumu la sumaku la pikipiki lilikuwa limeng'ang'ania kwenye shafti yake. Kulitoa kunahitaji chombo cha kulivuta, pula, na Mwenyewe alikuwa siku ya tatu akijitengenezea ya kwake kwa bapa la chuma la kitanda kibovu. Boliti ya katikati ilipinda mara ya pili. Alikuwa anaitukana kwa sauti ya chini pale hodi ilipopigwa.

Alikuwa yule mtunza stoo, mzee sasa, na fimbo mkononi. Alijikaribisha mwenyewe kwenye kiti.

"Nasikia bado unahangaika na hicho kidude," alisema, akitoa kitu kizito kwenye mfuko. "Kiwanda kinafungwa, vyombo tumegawana. Nikaona hii pula ikufae wewe, ndugu yangu."

Mwenyewe aliigeuza. Ubavuni palikuwa na namba kumi na nne, na ile nne imelala upande. Aliigonga yeye kwa mkono wake alipokuwa kijana.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Si lile sanduku lako! Lilikuwa nyuma ya mapipa ya magadi. Wafagiaji ndio walilisukumia huko."

"Lilionekana lini?"

"Aa, zamani. Mwaka uleule. Kama miezi miwili hivi baadaye."

"Na mkanyamaza."

"Meneja alisema tukikuita tutaonekana wajinga. Halafu tukasikia umeshapata pa kujishikiza."

"Nilikuwa nabeba magunia."

"Ndiyo, hapo hapo sokoni," alisema mzee, akitabasamu, akisubiri ashukuriwe kwa pula.

Mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kumtwanga nayo. Lakini kifua chake kilikuwa kimefunguka, na kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye yeye alitaka amsikilize mzee huyu.

"Mama watoto! Njoo mara moja."

Mkewe alitoka jikoni na mikono yenye povu.

Mwenyewe akamgeukia mzee. "Mwambie shemeji yako ulichoniambia. Chote."

Mzee alirudia, mapipa, wafagiaji, miezi miwili. Mkewe akagonganisha viganja kwa mshangao, machozi yakamtoka.

"Mungu mkubwa! Kumbe kweli hukuchukua!"

Mwenyewe alimtazama. "Kwani ulidhani nilichukua?"

"Sasa ningedhani nini, baba? Watoto wanasoma, mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na wewe na vyuma tunakujua." Alimshika bega kwa mkono wa povu, kwa upendo kabisa. "Lakini sikukuhukumu hata siku moja. Nilikusamehe jioni ileile ulipoingia."

Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba mke kama huyo ni wa kushika kwa mikono miwili. Mwenyewe aliiweka pula sakafuni, taratibu. Miaka kumi na tisa alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu aliyekwisha kumsamehe.