Gari Lililosingiziwa Kuchemka

Ludovick alikuwa karani wa magari katika idara moja ya serikali mjini Dodoma, na kwa miaka kumi na minane hakuwahi kushika spana. Kazi yake ilikuwa kuandika. Mwaka 1994, mageuzi ya uchumi yalipofika mpaka kwenye meza yake na jina lake likatokea kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazini, aliandika uongo mmoja wa mwisho. Kulikuwa na gari la dizeli linalovuta kwa magurudumu manne, zee lakini zuri machoni pake, lililokuwa lipigwe mnada. Akajaza fomu: "Injini huchemka kupita kiasi. Imechoka. Haifai." Boneti hakuifungua. Alitaka tu wanunuzi waogope ili alichukue yeye kwa bei ya bure.

Wakaogopa kweli. Akalichukua, akalipeleka kwake Kizota huku akipiga honi, na siku ya tatu likachemka mbele ya kanisa watu wakitoka misa. Ndipo alipogundua kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kuandika taarifa sahihi kama ile.

"Wewe ni mtaalamu," mkewe Generosa alimwambia. "Umeuona ugonjwa bila hata kumgusa mgonjwa."

Fundi Yotham alifungua rejeta inayopoza maji ya injini, akakwangua kwa bisibisi, ukatoka ukoko mweupe.

"Mzee, umelinywesha maji ya bomba?"

"Kwani maji si maji?"

"Ya hapa yana chumvi. Kaangalie ndani ya birika la mama nyumbani."

Njia za maji zilikuwa zimeziba, na rejeta nyingine ilikuwa ya kuagiza Dar es Salaam. Kwa sasa, Yotham alisema, likianza kuchemka awashe hita ya ndani, isaidie kutoa joto kwenye injini. Ludovick akamtazama. Hita, Dodoma, mwezi wa kumi na moja! Akaona fundi anamfanyia mzaha, akaenda zake bila kuaga.

Gari akalipa kazi ya kupeleka bidhaa za wachuuzi minadani. Ndivyo alivyojikuta asubuhi moja kijijini Busi, huko Kondoa, mchuuzi aitwaye Khalidi akimjia mbio. Mama yake, Bi Sikudhani, alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kulikuwa na madaktari wageni wa macho Dodoma, siku ile ndiyo ya mwisho kuandikisha wagonjwa, na majina yalikuwa yanafungwa saa nane mchana. Basi lilikuwa limeshaondoka.

"Shikamoo, mzee. Litafika?"

"Marahaba. Kwani limewahi kushindwa?"

Lilikuwa limeshindwa mara tisa, ila Khalidi hakuwa na namna ya kujua.

Bi Sikudhani aliketi mbele. Ludovick akaendesha macho yakiwa kwenye geji ya joto, ambayo mshale wake ulikuwa umetulia katikati. Ulikuwa umekwama pale tangu serikalini, naye alijua, lakini bado ulimfariji. Geji ile ilikuwa na tabia yake mwenyewe ya ukarani, ya kutopeleka habari mbaya kwa mkubwa.

Kwenye mpando wa pili Bi Sikudhani akainua mkono. "Baba, simama. Linahema."

"Geji iko sawa, mama."

"Geji siioni. Nasikia. Simama."

Akasimama. Mvuke ukafoka kila upande wa boneti. Ludovick akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, na aibu ikamshika sawasawa. Mama huyu akimkosa daktari leo, hatauona tena uso wa mwanawe, kisa karani mmoja anapenda kusifiwa.

"Mama, nimewadanganya," akasema. "Gari hili ni bovu."

"Hilo nimeshalisikia. Sasa tunafanyaje?"

Wakangoja lipoe, wakajaza maji, kisha Ludovick akameza kiburi na kuwasha hita mpaka mwisho. Upepo wa moto ukawavamia. Madirisha yote wazi, Khalidi akavua shati, Ludovick akabaki na fulana, jasho likimwingia machoni. Bi Sikudhani akajitanda khanga vizuri na kunyoosha miguu.

"Magoti yangu hayajapata raha namna hii tangu kipupwe," akasema.

Gari likaenda. Lilikwenda polepole, likilalamika, lakini lilikwenda. Msalato, nje kidogo ya mji, walipita saa saba na nusu wakiwa wametota jasho, na saa nane kasoro dakika tano jina la Bi Sikudhani likaandikwa, la mwisho kabisa.

Siku tatu baadaye, baada ya upasuaji, bandeji ya jicho la kulia ilitolewa. Ludovick alikuwa nje ya hospitali, tayari kuwarudisha Busi bila malipo, amelifuta gari vumbi tangu alfajiri. Bi Sikudhani akatoka, akamshika mwanawe mashavu, akamtazama muda mrefu, kisha akalia. Ludovick naye akalia kwa furaha waziwazi, wala hakujali watu.

Bi Sikudhani akageuka. Akaiona boneti iliyofungwa kwa kamba, mlango wa kijani kwenye gari jeupe, na kidimbwi cha maji kilichokuwa kikikua taratibu chini yake.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

Akalizunguka mara moja.

"Khalidi," akasema, "basi la Kondoa linaondoka saa ngapi?"

Ludovick akachukua kikapu cha Bi Sikudhani, akawasindikiza stendi kwa miguu.