Siku Kiroboto Aliposikika

Tangu utotoni alikuwa haketi. Jina la Kiroboto alipewa na mama yake mwenyewe, siku alipojaribu kumsuka na mtoto akawa anamponyoka katikati ya magoti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Jina likamganda. Hata sasa, mwanamke mzima mwenye mvi anazozing'oa mbele ya kioo, watu wanaomletea vitambaa awashonee mapazia humwita Kiroboto, naye huitika bila kinyongo. Hula amesimama. Akiongea na simu huzunguka meza. Cherehani ndiyo pekee iliyowahi kumweka kitini, na hata hapo mguu wake mmoja hucheza chini ya meza kana kwamba una shughuli zake.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeangukiwa na kazi ya kukaa nyumba moja na mgonjwa wa kitandani. Ukitaka kucheka, cheka. Mama yake mwenyewe alicheka.

Kiharusi kilimpiga mama upande wa kulia, kikamwacha na mdomo uliopinda kidogo na maneno yaleyale makali. Kaka mtu alikuwa na kazi mbali, mke, watoto na sababu nyingine. Kiroboto alikuwa na cherehani, na cherehani inabebeka. Hakikukaliwa kikao chochote. Alikuja kwa wiki chache tu, akaweka meza ya kukatia sebuleni, akatundika mkasi wake ukutani, na mkasi ungalipo hapo mpaka leo, mwaka wa tatu huu.

Pazia ni kazi ya mstari mrefu. Unanyoosha kitambaa, unakunja pindo, unatia pini, unashona kwenda na kwenda, na kichwa kinabaki hakina la kufanya. Kichwa cha Kiroboto kikikosa kazi hujitafutia, tena mara nyingi hutafuta pabaya. Aliwaza kama mama amegeuzwa. Aliwaza kama dawa ya mchana ni ile nyeupe au ile ya njano. Aliinuka kwenda kuangalia, akarudi, akaketi, akainuka tena.

Ni wifi yake, mke wa huyo kaka, aliyemtumia ile podikasti. "Wifi, wasikilize hawa, ni wenzako," aliandika. Kiroboto alimjibu kwa kidole gumba na kuiacha, maana alidhani ni mahubiri. Siku alipoifungua alikuwa na pini sita mdomoni na pazia la mteja magotini. Sauti ya mwanamke, nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, haikusema karibuni wala haikujitambulisha. Iliuliza, "Umekula?" Kisha ikanyamaza, ikanyamaza kweli, kama mtu anayesubiri jibu.

Kiroboto aligeuka kuona nani anaulizwa. Watu wote waliokuwa wakipita pale nyumbani walikuwa na maswali yao: mama anaendeleaje, mama amekula, mama analala vizuri? Yeye alikuwa ndiye wa kujibu.

"Bado," alisema, akazitema pini. Aliona haya kuijibu simu isiyomsikia. Halafu akalia palepale, machozi yakadondokea pazia la watu, ikabidi alipige pasi upya.

Podikasti yenyewe iliitwa Kando ya Kitanda, na ilitoka kila Jumamosi asubuhi. Mwenye sauti alijiita Dada wa Zamu. Alikuwa muuguzi mstaafu aliyemuuguza mumewe mwenyewe mpaka dakika ya mwisho, na hakuwa na subira na watu wanaowaambia wauguzaji wawe na subira. Wasikilizaji walimtumia sauti zao bila majina, naye alizicheza na kuzijibu. Walikuwa pia na kundi lao kwenye simu, ambamo kila mtu alijulikana kwa mzigo wake. Kulikuwa na Mke wa Figo. Kulikuwa na Baba Oksijeni, ambaye siku alipotangaza kwamba amelala usiku kucha bila kuamshwa, walimpongeza kama bwana harusi. Kiroboto alikuwa Fundi Pazia. Mle ndani walibishana namna ya kubadili shuka mgonjwa akiwa juu yake, wakatukanana kidogo, wakaombana radhi. Hawakuwahi kuonana hata siku moja, ila Kiroboto alijua kikohozi cha mama mkwe wa mtu kuliko alivyojua sura za majirani zake.

Ilimsaidia, na nisimsingizie. Mguu wake ulipunguza kucheza. Alianza kuosha sahani yake, kwa kuwa sasa alikuwa anatumia sahani.

Halafu ikaja Jumatatu mbaya. Mama alichafua shuka asubuhi, akachafua tena kabla ya mchana, na ya tatu akaichafua Kiroboto akiwa bado anaitandika. Mteja alipiga simu kuulizia mapazia yake kwa sauti ya mtu aliyewahi kuahidiwa. Mama, kwa aibu yake, akawa mkali.

"Mikono yako migumu," alimwambia. "Unanigeuza kama gunia."

"Gunia halina mdomo, mama."

"Ndiyo maana unalipenda."

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo Kiroboto alikwenda bafuni, akafunga mlango, akageuza ndoo na kuikalia, akamrekodia Dada wa Zamu. Aliongea kwa kunong'ona, haraka haraka:

"Mimi ni fundi. Namuuguza mama yangu. Nampenda, hilo msinihoji. Lakini kila asubuhi nasimama nje ya mlango wake, mkono kwenye kitasa, na kabla sijafungua natamani nikute ameshakwenda. Amelala tu, ametulia, ameshakwenda. Halafu namsikia anakohoa, nafurahi na kukasirika kwa pamoja. Sijui mimi ni mtu wa namna gani."

Akatuma. Akanawa uso. Alipotoka bafuni alijisikia mwepesi, na wepesi huo ulidumu mpaka alipoingia jikoni.

Jibu lilikuja siku ya pili. "Asante, dada. Tumeipokea. Tutaisikiliza pamoja Jumamosi." Hapo ndipo Kiroboto alipoelewa alichokifanya. Hakutaja jina, sawa, lakini sauti ni sauti. Wifi yake alikuwa hakosi hata kipindi kimoja. Wifi akimwambia kaka, kaka atampigia mama. Mama atalala pale kitandani, hawezi hata kugeuka akampa mtu mgongo, akijua kwamba mwanawe anayemlisha kwa kijiko anamwombea afe. Hilo ndilo lililomnyima Kiroboto usingizi. Wengine wangesema wakachoka. Mama asijue, basi.

Kwa nini hakuomba ifutwe? Aliomba, na hakuomba. Aliandika ujumbe, akaufuta. Akauandika tena akiwa anachemsha maji, akaufuta maji yakifurika. Kuna kipande cha moyo wake kilichotaka isikike, asikie watu watasema nini, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kinamshika kidole. Wiki nzima alikuwa kiguu na njia ndani ya vyumba vitatu. Alishona pindo la pazia juu badala ya chini, akafumua, akashona palepale tena. Mama alimtazama akipita na kupita.

"Umemeza nini wewe?" aliuliza. "Kaa chini, unanitia kizunguzungu na mimi nimelala."

Ijumaa jioni akapiga moyo konde, akaandika: "Naomba ile sauti msiitumie." Ujumbe ukaenda. Haukusomwa.

Jumamosi asubuhi alimwekea mama nyimbo zake za zamani, kama kawaida, kwenye ile spika ndogo ya duara aliyoileta kaka na ambayo ilikaa juu ya kabati kando ya kitanda. Nyimbo zilitoka kwenye simu ya Kiroboto. Zilipokwisha alichukua beseni la shuka akatoka nje kuanika. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Ikalia: kipindi kipya kimetoka. Akachomeka vile vidude vyake vya masikioni visivyo na waya, akabonyeza, akasubiri ile "Umekula?"

Kimya. Akasema mtandao huu nao. Akaongeza sauti. Kimya bado. Akaongeza mpaka mwisho, akaendelea kubana shuka kambani huku akisubiri, na hakukumbuka kwamba vidude havikuchajiwa tangu juzi, na kwamba simu bado ilikuwa imeshikana na spika.

Dirisha la mama lilikuwa wazi. Kupitia hapo alisikia mwanamke anaongea, akajiuliza ni nani huyo aliyeingia ndani bila hodi, mwenye sauti ya kulalamika hivyo. Halafu mwanamke yule akasema, "...mkono kwenye kitasa..."

Kiroboto aliitoa simu. Vidole vilikuwa na maji, kioo kikawa hakimtambui. Alibonyeza, akafuta kwenye sketi, akabonyeza. Alikimbia huku anabonyeza, akapiga goti kwenye kizingiti, na alipofika ukumbini ndipo spika ilipomaliza, kwa sauti ya juu kabisa na bila kumeza neno: "Sijui mimi ni mtu wa namna gani." Kioo kikakubali. Nyumba ikawa kimya.

Alichungulia. Mama alikuwa ameelekeza uso ukutani, macho yamefumbwa.

"Mama?"

Mama hakujibu. Pumzi zilikuwa zinakwenda sawasawa, kama za mtu aliyelala. Au kama za mtu anayejua namna mtu aliyelala anavyopumua.

Siku hiyo ilikuwa ndefu kupita kiasi. Mama alipoamka hakusema lolote. Alikunywa chai, hakulalamika kwamba imepoa. Aligeuzwa, hakutaja gunia. Ulimi huo Kiroboto aliuogopa maisha yake yote, na sasa alikuwa anahaha kuusubiri. Aliingia mara kurekebisha mto, mara kufuta kabati lisilo na vumbi. Mama alimtazama, akatazama dari.

Simu nayo haikutulia. Kundini watu walikuwa wamemwagika. Mke wa Figo aliandika: "Aliyesema ya mlango, mimi wangu ni pazia la wodi. Naligusa kwanza. Nikadhani niko peke yangu." Baba Oksijeni, ambaye kwa kawaida alituma vichekesho, aliandika neno moja tu: "Mimi." Chini yake mwingine, "Mimi." Na mwingine. Kiroboto aliyasoma amesimama jikoni, akajua amekumbatiwa na watu ambao hana hata sura zao. Alishukuru kwa moyo wake wote. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amelala kwenye kile chumba.

Wifi alipiga mchana.

"Nimekusikia," alisema.

"Wifi, naomba usi..."

"Kaka yako hatasikia kwangu. Tena nakuja Jumatano, nakaa na mama, wewe unalala. Usinibishie."

Kiroboto hakubisha. Hakuwa na nguvu za kumwambia kwamba aliyekuwa hatakiwi kusikia ameshasikia, au hajasikia, na kwamba hiyo "au" ndiyo inayomla. Kipindi chenyewe hakukimalizia. Dada wa Zamu alikuwa amemjibu nini, hakutaka kujua. Aliogopa kuambiwa kwamba ni mtu mwema.

Jumapili aliamka kabla ya kengele. Alichemsha maji, akaandaa beseni, sabuni, taulo. Akaenda mpaka mlangoni kwa mama, akaweka mkono kwenye kitasa, na mkono ukagoma. Alitamani nini sasa? Alijitafuta humo ndani, na kwa mara ya kwanza hakukuta lile tamanio. Alikuta hofu tupu, kwamba leo ndiyo leo, kwamba mama amesikia, akakubali, na amemfanyia hisani. Alitega sikio. Hakukuwa na kikohozi. 

"Ingia tu," ilisema sauti ndani. "Bado nipo."

Kiroboto alifungua mlango huku analia kama mtoto. Beseni alilisahau ukumbini.

"Mama, sikumaanisha..."

"Ulimaanisha. Usinidanganye, nimelala, sijafa." Mama alimtazama kwa lile jicho lake zima. "Unadhani kivuli chako sikioni chini ya mlango? Kila siku unasimama hapo. Nikikiona ndipo nakohoa, ujue nipo, usije ukaingia kwa kushtuka."

 Kiroboto alishika ukingo wa kitanda.

"Na mimi kuna asubuhi natamani hicho unachotamani," mama alisema. "Siku hizo huwa sikohoi upesi. Sasa tumeambiana. Keti."

Kiroboto aliketi, pale miguuni pa mama, juu ya blanketi. Mama alisubiri mpaka kwikwi zikapungua, kisha akanyoosha kile kidole chake kizima kuelekea juu ya kabati.

"Washa hiyo redio yako. Jana umezima kabla sijasikia yule mama amekujibu nini. Nimekaa na hamu siku nzima, na kuuliza siwezi kwa sababu nimelala usingizi."

"Ni podikasti, mama."

"Washa. Anzia mwanzo."

Kiroboto aliitafuta simu kwenye mfuko wa aproni, akafuta kioo vizuri, akabonyeza. Spika ikaitika. Ile sauti nzito ikaingia chumbani, ikauliza kama inavyouliza kila Jumamosi, "Umekula?" na ikanyamaza kusubiri.

Mama ndiye aliyewahi, kwa mdomo wake uliopinda, kwa sauti kubwa kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Bado," alisema. "Na huyu mwanangu naye bado."