Mwenza wa Maombi

Margret hakuwa mtu wa kuomba vizuri, na alijijua. Akipewa nafasi kwenye ushirika wa nyumbani pale Chaani, alimshukuru Mungu kwa uzima, kwa kazi yake ya cherehani kiwandani, na kwa mwanawe Griffin aliyefunguliwa mlango wa kazi Qatar. Wenzake waliitikia amina. Griffin hakuwa Qatar. Alikuwa jela kwa wizi wa mali ya kontena, na mamake alishamshukuru Mungu kwa uongo huo hadi ulimi ukauzoea.

Balaa ilikuwa akibaki peke yake. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza, "Baba," na kabla hajafika mbali Qatar ikajileta yenyewe mdomoni. Aliinuka kwa aibu akaenda kuosha vyombo.

Mwisho alimwendea mke wa mchungaji, akamuuliza mtu afanye nini ili maombi yake yashike. Akaambiwa hakuna anayekua peke yake. Atafute mwenza wa maombi, mtu wa kumfungulia moyo wote. Na papo hapo akapewa Roseline.

Kwa kuomba, Roseline hakuwa na mpinzani Changamwe nzima. Watoto walisinzia, chai ikapoa, naye ndiyo kwanza anamfunga shetani kamba. Tena alikuwa na somo lake alilolipenda, kwamba ombi lisilotaja jina wala jambo ni kelele tu.

Siku zile Maryanne, binti ya Margret, alikuwa mchumba wa Gedion, na wazazi wa kijana walitarajiwa kutoka Voi kuja kujitambulisha. Maryanne alimwomba mamake kitu kimoja tu.

"Mama, habari za Griffin niachie mimi. Nitamwambia Gedion mwenyewe, kabla ya harusi."

Mama akaahidi. Wiki hiyo hiyo akamwambia Roseline kila kitu, mpaka mwaka wa Griffin kutoka jela. Anayetaka kumlaumu na amlaumu, lakini siku hiyo aliomba. Maneno yalitoka pamoja na machozi, na jela ya mwanawe ikatajwa mbele za Mungu kwa mara ya kwanza. Alilala fofofo, maskini, akidhani amepona.

Wageni walipofika, sebule ilijaa. Babake Gedion, mzee wa kanisa huko kwao, aliulizia kaka wa bibi harusi. Margret akajibu bila kumtazama bintiye kwamba yuko Qatar na anawasalimu sana. Kisha mchungaji akamwomba Roseline awafungulie kwa maombi, na kila mtu akafumba macho.

Alianza vyema. Akashukuru kwa safari ya wageni, amina. Akawabariki vijana, amina. Halafu sauti ikapanda.

"Na sasa Bwana, tunavunja kila laana ya nyumba hii isiwafuate watoto hawa. Roho ya wizi, toka. Umkumbuke Griffin huko jela aliko, Bwana, umtie nguvu amalize kifungo chake."

Maombi hayakatizwi. Ndivyo walivyolelewa wote mle ndani, na Margret alilishika hilo hata wakati ule. Alikaa amefumba macho, mikono mapajani, akisikiliza amina zikipungua. Ya babake Gedion ilikatika kwanza, kisha ya mkewe, hadi ikabaki ya mchungaji peke yake. Roseline hakusikia tofauti. Akataja kontena, akataja na mwaka.

Wageni walionja pilau, wakaaga kwa heshima zote. Uchumba ulivunjwa kwa simu. Mzee alisema hana neno na kosa la kijana, maana vijana hukosa; neno lake lilikuwa na mama aliyemtazama usoni akamletea salamu za Qatar.

Roseline alikuja kumfariji, uso ukimng'aa. "Mama Griffin, shetani ameaibika," alisema. "Sasa hakuna kilichofichika." Margret akamshukuru. Utamfanya nini mtu anayekuharibia akikuombea?

Maryanne alihamia Likoni kwa rafiki yake. Hakulia wala hakugomba. Aliweka begi mlangoni, akamgeukia mamake.

"Sikukatazi kuomba, mama. Ila mimi usinitaje. Hata ukiwa peke yako, jina langu lisipite mdomoni mwako."

Siku hizi Margret anaomba vizuri sana. Ushirika mzima unasema amekua, na mke wa mchungaji humtolea mfano. Huwaombea wagonjwa na wajane, humwombea hata Roseline na miguu yake inayovimba, na Griffin wa jela anamtaja waziwazi wala sauti haitetemeki. Alfajiri, akiwa peke yake, hupiga magoti na kuwataja wote mmoja mmoja mpaka afike kwa bintiye. Hapo hufunga mdomo. Hungoja kidogo, kana kwamba yupo mtu atakayempa ruhusa, kisha huinuka akavaa kwenda kiwandani.