Nilishindilia Bustani ya Marehemu

Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa mbili asubuhi, jembe lilinikataa mbele za watu.

Sitanii. Nililiinua, nikalishusha kwa nguvu zangu zote. Likadunda. Mpini ukanirudia kwenye goti, nikabaki naruka kwa mguu mmoja kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Watu wakacheka. Mimi nikaanza kutafuta wa kumlaumu. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Ngoja nieleze vizuri.

Mimi ni mgane. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, tunabishana hadi leo. Maisha yangu nimeyamalizia kwenye barabara, nikiwa mshindiliaji. Wakimwaga kifusi, mimi naingia na ile mashine inayorukaruka, nakigandamiza mpaka kinakuwa jiwe.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unamwaga kidogo, unalowesha kidogo, unashindilia. Ndipo unamwaga tabaka jingine.

Lakini wakubwa hawakutuachia hata siku moja. Meneja anapita na miwani yake ya jua: "Pita mara moja, twende."

Mara moja, twende. Mashimo yakitokea, wa kulaumiwa ni mimi niliyeshika mashine, si yeye aliyeshika simu.

Sasa, mke wangu alikuwa na kipande cha bustani nyuma ya tangi la maji la mtaa. Masharti ya pale ni mafupi: wakija kukagua wakakuta hakuna kilichoota, anapewa mwingine.

Alipofariki, vyombo waligawana ndugu zake. Nyumba ni ya kupanga. Kile kipande ndicho kitu chake pekee kilichobaki mikononi mwangu. Nikaapa hakiendi kokote.

Tatizo ni kwamba sikuwahi kukanyaga mle ndani.

Siku ya kwanza kuingia, mguu ulizama hadi kwenye kifundo. Udongo laini, unabonyea kama godoro. Nikasikitika kweli. Kumbe mwenzangu alikuwa anahangaika kwenye udongo mbovu namna hii na hakuniambia?

Nikachukua kopo la rangi, nikalijaza zege, nikachomeka mti. Nikapata kishindilio changu.

Jamani, nilifanya kazi. Nilichota udongo wote pembeni, nikaurudisha tabaka kwa tabaka. Nalowesha, nashindilia. Nalowesha, nashindilia. Hakuna meneja, hakuna miwani, hakuna "twende". Kwa mara ya kwanza maishani niliifanya kazi yangu kama inavyotakiwa, na niliifanya kwa ajili yake. Machozi yalinitoka, nikayahesabu kama maji ya kuloweshea.

Mbegu nilizipanda kwa nondo na nyundo.

Hata hapo akili haikunigonga.

Mvua ikanyesha. Maji yakasimama juu kama kwenye sinia, shomoro wakaja kuoga. Bustani za wenzangu zikawa kijani. Yangu ikawa inang'aa.

Ndipo ikafika Jumamosi ile. Akaja msimamizi wa bustani, tunayemwita Suti kwa sababu anaingia matopeni na tai shingoni.

"Mzee, mbona hapajaota kitu?"

"Unaniuliza mimi? Waulize waliotuuzia mbegu feki. Jiulizeni nyie mnaotuletea maji yenye dawa. Si nyie ndio wakubwa?"

"Jirani yako anamwagilia maji hayo hayo."

Nikaona anataka kunionea. "Lete jembe," nikamwambia, "nikuonyeshe udongo wenyewe ulivyotulia."

Mengine mnayajua.

Suti akachuchumaa, akaigonga ardhi kwa kidole kama anayebisha hodi.

"Mzee, nani kamwaga zege hapa?"

"Si zege. Udongo mtupu. Tabaka tatu." Nilisema kwa fahari, Mungu anisamehe.

Akanigeukia. "Unajua kinyume cha kushindilia?"

"Kufukuzwa kazi."

"Kutifua," sauti ikajibu nyuma yangu. "Kulegeza. Kuchambua. Kupaacha papumue."

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Alikuwa amekwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua, ndiyo kwanza anarudi, begi la safari bado begani.

"Shemeji, si ungenipigia ukaniuliza?"

"Simu haikuwa na salio."

"Ya kunipigia mimi haina salio. Ya kupiga redioni kumsema meneja ina salio."

Suti akasimama, akapangusa magoti. "Sheria ni sheria. Kipande anapewa mwingine."

Nilitafuta tusi, sikulipata. Nikasema, "Tafadhali." Neno hilo mara ya mwisho nililitumia hospitali, na halikunisaidia.

"Kimeshaombwa, mzee. Tangu mwezi uliopita."

"Na nani?"

Akaelekeza kidevu kwa shemeji.

Damu ikanipanda. "Yaani wewe? Dada yako hata kaburi halijaota majani."

"Ningeacha apewe mtu baki?" akasema taratibu. "Mikono yako naijua. Nilijua utaharibu. Sikujua utajenga uwanja wa ndege." Akaweka begi chini. "Sasa ni changu, na nahitaji kibarua. Malipo ni mboga, zikiota."

Basi ndiyo kazi yangu siku hizi. Jembe lilishindwa, tukaanzia na sururu. Shemeji anakaa juu ya ndoo, anaamuru. Angalau nina mkubwa mpya wa kumlaumu, afya yangu imerudi.

Funzo? Walio na wake, nendeni mkaone wanachokifanya kwa mikono yao wangali hai. Mimi nilisubiri, nikaja kuambiwa na jembe.

Ila jana, nikiwa navunja kona ya mwisho, shemeji aliniuliza jambo.

"Hata makaburini uliwanyang'anya vijana koleo, ukashindilia mwenyewe mpaka watu wakaangaliana. Kwa nini?"

"Lisititie," nikamjibu. "Mvua ikija, kaburi linatitia."

"Sawa. Na hapa?"

Nikainua sururu, nikaishusha. Nikainua tena. Hakuniharakisha.

Bado anasubiri, na mimi bado napiga sururu. Nyie mnaosoma, labda mmesoma kunizidi, nisaidieni: pale bustanini nilikuwa ninapanda, au nilikuwa ninamzika mara ya pili?