Sangara wa Kupigwa Picha

Juzi, kwenye foleni ya tiketi za meli ya kwenda Nansio, alisimama bwana mmoja na fimbo ya kuvulia inayong'aa. Akaulizia mtumbwi wa kukodi Jumamosi.

"Mume wangu anao," akajibu mama mmoja wa Ukerewe. "Lakini mvua hizi unaziona?"

"Shikamoo mama. Mvua si neno. Nikinasa sangara nampiga picha, namrudisha ziwani. Ni mchezo tu."

Mama akatua kikapu chini taratibu, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Umrudishe mzima? Akawasimulie wenzake ndoano ilivyo? Mume wangu atavua nini Jumatatu? Mtumbwi hakuna!"

Foleni ikaangua kicheko. Mimi, ambaye sangara aliwahi kunikokota mpaka wilaya ya pili, nilisogea karibu nisikie vizuri.

Bwana akaona safari inazama.

"Basi mama, mimi picha, wewe samaki."

"Na kichwa chake?"

"Na kichwa."

"Haya, karibu Jumamosi. Ila upige haraka, sufuria itakuwa jikoni."

Wasomaji wangu, huo ndio mchezo ninaouelewa. Nimeshakata tiketi ya Jumamosi. Ndoano sina, nabeba sahani.