Kengele Bandia Uani kwa Rangel

Tsonka alijua jina lake limeibwa siku mchungaji mmoja wa bondeni alipomtupia kengele mlangoni.

"Chukua takataka yako, mama! Kondoo wangu akitembea utadhani kafungwa sufuria shingoni."

Tsonka akaiokota. Alama ya mguu wa ndege ilikuwepo, ile aliyoigonga marehemu baba yake, na baadaye yeye mwenyewe kwa miaka thelathini na moja. Lakini bati lilikuwa jembamba, la kiwandani, limepakwa rangi. Kengele za Tsonka huviringishwa kwenye udongo pamoja na vipande vya shaba na kutiwa tanurini. Zikitoka, hukaa nazo kwenye fuawe, akigonga na kusikiliza, mpaka kila moja ipate sauti yake. Hii haikuwa imesikilizwa na mtu.

Hakuhitaji kuuliza. Rangel, mwenye duka la zawadi pale uwanjani, alikuwa ameacha kununua kwake tangu kiangazi, na bado rafu zake zilijaa miguu ya ndege. Kufikia majira ya baridi wachungaji sita walikuwa wamefuta oda zao. Tanuri la Tsonka likapoa.

"Mshtaki," akasema jirani yake Mladen, fundi seremala.

"Ili akajitetee kwa makaratasi? Nataka kijiji kizima kimsikie."

Mladen ndiye kiongozi wa makukeri, wanaume ambao baridi inapokaribia kuisha huvaa ngozi za mbuzi na kengele viunoni, na kupita nyumba kwa nyumba wakiruka ili kufukuza mabaya ya mwaka.

"Mkifika kwa Rangel," Tsonka akamwambia, "vueni za kwangu. Vaeni za kwake."

Mladen alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake akaenda dukani, akanunua thelathini na nane. Rangel akamfungia mwenyewe, tena akampunguzia bei. Alizaliwa kijiji hikihiki, lakini miaka ya dukani ilimzoesha kuzitazama kengele tu, si kuzisikiliza.

Siku ilipofika, Rangel alikuwa amealika wanunuzi wawili kutoka mji mkuu waje kuona mila. Akasimama katikati ya ua, mkate mkono huu, divai mkono huu, kama inavyompasa mwenye nyumba. Hapo haruhusiwi kuondoka mpaka wanaorukia nyumba yake wamalize.

Wakaruka. Ulisikika mlio kama wa droo ya vijiko inayoanguka ngazini. Mruko wa tatu, kengele moja ikapasuka na ulimi wake ukaruka mpaka ndani ya divai. Wanakijiji waliokuja kutazama, wameegemea ukuta wa ua, wakaangua kicheko.

"Rangel, kaka, si ulisema ni za Tsonka? Mbona zina kifua kikuu?"

"Mpeni mkate, zina njaa!"

Tsonka alikuwa getini, mikono kifuani. "Rukeni tena! Mabaya bado yamo humo."

Wakaruka tena, na tena. Rangel alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Ndipo mama yake, Bibi Yordana, akatoka ndani na shali lake. Tsonka alipofiwa na mama akiwa na miaka tisa, bibi huyu ndiye aliyekuwa akimsuka nywele kila asubuhi kabla ya shule.

"Tsonka, mwanangu. Nina miaka themanini na mbili. Utaiacha nyumba yangu na mabaya yake? Waambie wavae zako, waruke mara moja tu."

Makukeri wakasimama, wakimtazama Tsonka. Kengele zake zilikuwa pale getini, hatua tatu tu.

"Nimekosa," akasema Rangel.

"Sisikii," akasema Tsonka.

"Nimekosa! Si zake. Ni za kiwandani, alama niliigonga mimi!" Wanunuzi wawili wakatazamana, mmoja akafunga daftari lake.

"Haya sasa," akasema Yordana. "Amesema."

"Amesema." Tsonka akainama, akaokota mshipi wa kengele zake na kumtupia Mladen begani. "Twende nyumba inayofuata." Kisha akamnyooshea bibi mkono. "Na wewe bibi, njoo ukae kwangu. Kwangu wamesharuka."

"Na mwanangu?"

"Wewe tu."

Yordana alimtazama mwanawe. Kisha akajifunga shali vizuri kichwani, akaushika mkono wa Tsonka, wakatoka getini pamoja, huku nyuma yao Rangel akiwa bado ameshika mkate.